Mke Aliyepona

Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Linatoka kwenye mashine ya kunyoosha likiwa la moto, pana kuliko hata kitanda chenyewe, na lazima watu wawili walipokee, kila mmoja na pembe zake mbili. Mnarudi nyuma mpaka kitambaa kikaze, mnalikung'uta mara moja, mnakunja, kisha mnasogeleana mpaka mikono yenu ikutane. Mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama kuchukua mkunjo wa chini, mnarudi nyuma tena. Siku nzima ni kuachana na kukutana, kuachana na kukutana. Msimamizi wetu anasema kazi hii wangefaa kuifanya ndugu wa tumbo moja, lakini mimi na ndugu zangu tungetoana macho kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yangu ni kuilisha mashine. Nimezeekea katika kiwanda hiki cha udobi, na pale ninaposimama nawaona wakunjaji wote usoni. Kwa hiyo nikisema niliyaona mapenzi ya Chapuchapu na Kona yakianza, sitii chumvi. Niliyaona kama ninavyoiona mikono yangu hii.

Kona tulimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kuvumilia pembe za shuka zisipolingana. Zikipishana kidogo tu, analikunjua lote na kuanza upya, na mwenzake anabaki ameshika kiuno. Hakuna aliyetaka kufanya naye kazi. Alikuwa mtu mpole, hana ugomvi, na alikuwa akifika kazini mapema kuliko wote. Siku moja aliniambia sababu. Baba yao aliondoka wakiwa wadogo, mama yao akafunga mdomo, na wao wakakua katika nyumba ambayo hakuna aliyesikika ila sufuria na milango. Mpaka ukubwani alikuwa bado anaishi na mama yake huyo. Kiwandani alikuwa anafuata kelele.

Chapuchapu alikuja kwetu miezi michache baada ya kumzika mama yake. Msimamizi akampanga na Kona, maana mgeni hachagui. Alikuwa mwembamba, shingo nyembamba, macho makubwa yanayong'aa ambayo kila mtu aliyasifu, na maneno yake yalikuwa yakikimbizana. Mikono yake hakuna aliyeiweza. Kabla ya mchana tulishampa jina. Kona alipolikunjua shuka lake la kwanza, bibie akamtazama, akaachia pembe zake chini, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"We kaka, unakunja shuka au unapima kiwanja?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Kona naye akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Kuanzia siku ile hakukunjua shuka tena, kwa sababu pembe zilifika zikiwa zimelingana. Wale watu wawili damu zao ziliendana, hilo siwezi kulikana hata leo nikiwa na hasira nao.

Sasa mtu ataniuliza, je, hamkuona kitu? Tungeona nini? Chumba cha kunyooshea nguo ni tanuri. Pale sote tunalowa jasho, sote mioyo inatudunda, na ikifika jioni mikono inatutetemeka. Mtu akikonda tunasema kazi, akiwa na hasira tunasema joto. Chapuchapu alikuwa mgonjwa mbele ya macho yetu, na chumba chetu kikamfunika.

Wakaoana. Wakapanga vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, na Kona akawa mtu wa kusimulia mambo ya nyumbani kwake kama aliyeokota lulu. Mke wake analala kidogo kama ndege. Alfajiri ameshapiga deki, amefua, amehamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Anaimba. Akikasirika anarusha kikombe ukutani kwa sababu ya taulo lililoachwa kitini, kisha analia, kisha anajicheka mwenyewe, kisha wanapatana, na kupatana kwao nasikia kulikuwa kutamu kiasi kwamba sitaki kuongeza neno.

"Shemeji," alikuwa akiniambia, maana alinichukulia kama dada wa mkewe, "nyumbani kwangu kuna mtu."

Mtoto hakupatikana. Mama mkwe, yule yule wa kufunga mdomo, akawa kila akija anaketi na kulitazama tumbo la mkwewe bila kusema lolote, na afadhali angetukana. Ndipo wakaamua kwenda hospitali. Chapuchapu akaniomba nimsindikize, kwa kuwa mama hana. Tulikwenda kutafuta mtoto, tukarudi na habari nyingine kabisa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, ana haraka lakini si mkali. Alisimama nyuma ya Chapuchapu akampapasa shingo, akamwambia ameze mate. Akamwambia anyooshe mikono mbele, akamwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama iliyopigwa na feni. Kona alikuwa akiitazama ile karatasi, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Damu ikachukuliwa, na tuliporudi kwa majibu tukaelezwa.

"Hapa shingoni mna tezi ndogo," daktari alisema. "Inatoa homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Yako inatoa nyingi mno. Ndiyo maana hulali, unakonda, unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, na hasira ziko karibu. Hata mimba inaweza kusumbua kwa sababu hiyo. Ulianza lini kujisikia hivi? Kulikuwa na tatizo kubwa kipindi hicho?"

"Mama alifariki."

"Pole. Siwezi kuapa kwamba ni hilo. Mara nyingi mwili unakuwa na mwelekeo huo tangu zamani, halafu msongo mkubwa unauamsha."

Kona akakohoa. "Kwa hiyo daktari, vile vikombe..."

"Vikombe gani?"

"Anavyovunja."

"Inawezekana kabisa ni ugonjwa, wala si tabia yake."

Kona akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Nami nikafurahi kwa ajili yao. Ni Chapuchapu peke yake ambaye hakufurahi. Alikuwa ameinamia viganja vyake.

"Na kucheka?" akauliza.

"Kucheka kumefanya nini?"

"Kucheka. Kuongea. Wepesi wangu wa kazi." Akamnyooshea Kona kidevu. "Na kumpenda huyu."

Daktari akatabasamu, akamgusa bega. "Hayo ni ya kwako mwenyewe, mama." Nadhani alitaka kumfariji, na kwa miezi mingi nilimchukia kwa jibu lile. Halafu akaacha kutabasamu, akatuambia jambo ambalo sote watatu tulilisikia vizuri. Vidonge ni kila siku. Akiviacha, tezi itaamka tena, na moyo unaoendeshwa mbio vile bila kupumzika unaweza kuvuruga mapigo yake, mtu akaanguka na asiinuke. Alilirudia hilo akimtazama Kona, kwa kuwa yeye ndiye mume.

Dawa ilifanya kazi, na hilo ndilo balaa lenyewe.

Kwanza alilala. Kona alikuja kazini akinisimulia jinsi mkewe alivyolala mpaka jua likapanda, na alisimulia kwa furaha. Kisha mashavu yakajaa, na macho yakarudi ndani kidogo, yakawa macho ya kawaida kama ya kwangu na ya kwako. Jasho likakauka. Sauti ikashuka. Akawa anasikiliza mtu mpaka amalize. Vikombe vikabaki kabatini. Kama ungenionyesha wanawake wote wa kiwanda kile na kuniambia nichague wa kuishi naye, ningemchagua huyo. Alikuwa mtu wa kutulia naye.

Lakini shuka lilikuwa halimsikilizi tena. Kona alikuwa anafika katikati na pembe zake, mikono ameinyoosha mbele, na mkewe bado anakuja. Anasubiri. Wanakunja, wanarudi nyuma, anafika tena, anasubiri tena. Mwanzo alikuwa akimtania. Kisha akaacha kumtania. Kisha siku moja nikaona amelikunjua shuka zima akalianza upya, jambo ambalo hakulifanya tangu bibie afike, na mkewe akasimama akimtazama.

Walirudi hospitali. Kona ndiye aliyeuliza kama dawa haiwezi kupunguzwa, kwa kuwa mke wake amepoa mno.

"Nimeshaipunguza," daktari akamjibu. "Damu yake iko sawa kabisa, haijazidi wala haijapungua. Huyu ndiye mkeo akiwa mzima."

Mchana ule tulikaa kwenye benchi la nje tukinywa chai, mimi na Chapuchapu, na alichonieleza ndicho kilichonifanya nielewe ukubwa wa shimo walilokuwa ndani yake.

"Dada, mimi nilikuwa hivi," alisema. "Kabla mama hajafa. Mama akinituma dukani alikuwa ananiambia niage kabisa, kama mtu anayesafiri. Nilikuwa mzito, mkimya, napenda kukaa dirishani. Sasa nimerudi nilivyokuwa, nasikia raha, hata pumzi naivuta mpaka chini. Ila yeye hajawahi kukutana na mimi."

"Atakuzoea."

"Kwa nini anizoee? Kwani mtu anazoea mke kama anavyozoea kiatu?"

Nilimwambia anywe chai isipoe, kwani ndivyo tunavyosema tukiishiwa.

Kona hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo hasira zangu zinapokosa pa kushika. Angekuwa mlevi au mhuni ningempa ukweli wake na kumsahau. Alijaribu. Alinunua redio akaifungulia sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Alimpeleka mkewe matembezini, wakatembea kimya, wakarudi. Naye mwenyewe akaanza kuharibika: usingizi ukamkimbia, tumbo likawa linamkata, akawa mtu wa kushtuka mlango ukifungwa. Kila akiingia nyumbani alikuwa anakuta chakula kimefunikwa, sakafu safi, na mwanamke ameketi dirishani ametulia. Kona alikuwa kama amerudi kwenye kimya cha mama yake. Hivyo ndivyo alivyoniambia, tukiwa uani tunapoanika mablanketi yasiyoingia mashineni.

"Shemeji, naona aibu kulisema hili. Namkumbuka."

"Unamkumbuka nani? Mkeo yule pale ndani."

"Namkumbuka yule mgonjwa."

Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimuuliza kama alimpenda mtu au alipenda tezi. Akabaki ameshika blanketi lililolowa, maji yanamchuruzika viatuni, akasema, "Sijui, shemeji. Wewe ungejuaje?" Na mpaka leo mimi pia sijui.

Siku iliyofuata msimamizi akatangaza mpangilio mpya. Kona atakunja na msichana mwingine, Chapuchapu ataenda kwenye foronya. Foronya anakunja mtu mmoja, peke yake, amegeukia ukuta. Msimamizi alisema ni uamuzi wake. Baadaye nikaambiwa Kona ndiye aliyeomba.

Wikiendi ile wakagombana, kama kugombana kunaweza kuwa kwa mtu mmoja. Haya nilielezwa na Chapuchapu, na Kona hajawahi kuyakana. Alitafuta kosa kwenye chakula, mkewe akasema atarekebisha. Akatafuta kosa kwenye pazia, mkewe akasema sawa.

"Hata kugombana hutaki?" Kona akapaza sauti.

"Tugombane juu ya nini?"

"Juu ya chochote! Nitukane basi!"

Mkewe akamtazama kwa huruma, na nadhani ile huruma ndiyo iliyommaliza. Kona akachukua kikombe yeye mwenyewe, akakipiga ukutani. Mkewe akainuka, akaenda kuchukua ufagio. Akiwa ameinama anazoa vigae, mumewe akasema, "Bora ungebaki mgonjwa."

Alipiga magoti hapo hapo. Aliomba msamaha, akamshika miguu, akalia. Mkewe akamwambia yameisha. Lakini yeye ni mtu wa kutafakari polepole, na neno lile alilitafakari.

Miezi michache ilipita. Asubuhi moja Chapuchapu akaingia kiwandani akiwa wa kwanza, ametandika meza za wenzake wote, na mdomo wake haukai. Sote tukafurahi. Tukasema ugomvi umekwisha, wamepatana. Baada ya siku chache alikuwa anamaliza foronya zake na kuja kusaidia mashuka, na msimamizi ambaye hapendi kuona mikono myepesi ikipotea akamrudisha kwa Kona. Ungewaona! Shuka lilikuwa linaruka. Kona alikuwa anacheka na meno yote nje, na wakunjaji wengine wakasimama kuwatazama.

Mimi niliona shingo. Kutoka pale kwenye mashine nilimwona mshipa wa shingo yake ukiruka hata akiwa amesimama. Wakati wa chai kikombe kikagonga sahani mpaka akakishika kwa mikono miwili. Nikamvuta kwenye karo za kulowekea, ambako maji yanapiga kelele na hakuna anayesikia.

"Vidonge viko wapi?"

Hakujitia hamnazo. "Viko nyumbani, kwenye kopo la wanga."

"Tangu lini?"

"Dada, nilikuwa nimekaa mle ndani kama mgeni aliyepitiliza siku zake. Mume wangu akiingia ananisalimia kwa adabu. Unajua adabu ya mume inavyouma? Sasa anarudi mbio. Jana nimevunja sahani, akacheka mpaka akakaa chini."

"Utaanguka ufe. Ulimsikia daktari."

"Nilimsikia." Akafungua bomba, akaweka viganja vyake chini ya maji, akavitazama vikitetemeka. "Najichoka, dada, usidhani sijichoki. Moyo unanipiga mpaka masikioni. Lakini nilipokuwa mzima hakunipenda hata siku moja."

Nikamwacha nikaenda moja kwa moja kwa Kona. Sikuwa na mpango mwingine. Nilijua mtu huyo ana mapungufu yake, lakini akisikia mkewe anajiua atamkamata kichwa ammezeshe vidonge kwa nguvu. Nilimkuta anapakia mashuka kwenye toroli. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Hakushtuka. Aliendelea kusawazisha pembe za rundo.

"Umenisikia, shemeji?"

"Nimekusikia."

Nikaelewa. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa natafuta wanga wa kola ya shati," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikafungua kopo. Vyote vilikuwa mle, havijaguswa. Nikasema akirudi kutoka sokoni nitamuuliza. Nimevipanga mezani kabisa, shemeji, nakuapia. Halafu nikamsikia anakuja, anaimba tangu njiani, anasalimiana na kila mtu. Nikavirudisha. Nikafunga kifuniko."

"Na kesho yake?"

"Kila siku nasema kesho."

Nilimwambia yeye ni muuaji. Akaitikia kwa kichwa, akasukuma toroli, akaondoka. Siku ile ile nilimtafuta daktari, nikaambiwa mgonjwa mwenyewe aje. Nikamsubiri Kona siku mbili tatu, nikiamini aibu itamsukuma. Kila asubuhi Chapuchapu aliingia anacheka, kakonda zaidi, macho yameshatoka tena yakawa yale ya kusifiwa, na mumewe akiingia nyuma yake hakunitazama usoni.

Silaha moja tu ilikuwa imebaki mkononi mwangu, nami nikaitumia. Nilifikiri hivi: akijua mumewe ameviona vidonge na akanyamaza, atachukia. Atamwona mwanamume yule ni mtu wa namna gani. Atavimeza hata kwa kumkomoa tu, afungashe virago, aje akae kwangu, nina chumba. Nikamwita tena kwenye karo.

"Mumeo anajua," nikamwambia. "Alivikuta kwenye kopo, akavirudisha, akafunga. Anajua unakufa, na amenyamaza ili uendelee kumchekea."

Nilisubiri alipuke. Alikuwa hodari wa kulipuka wakati ule, hata sabuni ikianguka. Badala yake, kwa muda mfupi usoni kwake nikamwona yule mwenzake, yule mzito wa kukaa dirishani, akinitazama kwa macho yaliyotulia. Niliamini nimeshinda.

"Kwa hiyo wote wawili tumechagua," akasema taratibu. "Na tumemchagua huyu."

"Acha upuuzi. Njoo kwangu leo hii."

"Basi yule mwingine hana mtu, dada. Alirudi, akakaa, akasubiri, na hakuna aliyemtaka."

"Mimi namtaka," nikasema, na nilikuwa nalia.

Msimamizi alikuwa akiita, mashuka ya hoteli yalikuwa yameanza kutoka. Chapuchapu akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kimelowa, na kilikuwa kinatetemeka ndani ya changu.

"Najua," akasema. "Lakini wewe si mume wangu."